Usingizi wa Tingatinga

Mume wangu hukoroma, na kwa miaka mingi nilidhani hilo ndilo kosa lake pekee. Hanywi, hapigi mtu, hachelewi kurudi, na akivua viatu vyake vya kazi huviacha nje ili saruji isiingie ndani. Lakini akishaweka kichwa kwenye mto, mtaa mzima unajua. Jirani wa ukuta wa pili aliwahi kuniamkia kwa kuniuliza kama tumenunua gari. Kwenye kazi za ujenzi, ambako mafundi hujinyoosha kivulini baada ya kula, wenzake walimpa jina la Tingatinga, na jina likamkaa kwa sababu mbili: mngurumo huo, na mikono yake. Alikuwa akibeba matofali mawili ya saruji, moja kila mkono, anapanda nayo jukwaani huku anapiga soga.

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu uani na kuzipiga pasi chumba cha mbele, na kazi hii imenifundisha kumjua mtu kwa nguo zake. Shati lililopauka mabegani ni la mtu anayebeba. Suruali inayopunguzwa kiuno kila baada ya miezi miwili ni ya mtu anayeumwa na hajamwambia mtu. Lakini mganga hajigangi, na dobi naye hasomi nguo za nyumbani kwake.

Isitoshe, mtu akikoroma watu husema amelala. Amelala usingizi wa pono, mwacheni, kachoka. Mama mkwe wangu alikuwa akiniambia nijihesabu mwenye bahati, maana mwizi gani atasogelea nyumba yenye mngurumo ule. Kisha huongeza kwamba mumewe naye alikoroma hivyo hivyo, mpaka alfajiri moja akanyamaza akiwa na miaka hamsini na tatu, na waombolezaji wakasema amejaliwa kifo cha raha, hakuugua wala hakusumbua mtu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Kuna jambo ninaona aibu kulisema, lakini nisipolisema hapa sijui nitalisemea wapi. Mkoromo wa mume wangu ulikuwa na vituo. Ulikuwa ukipanda, ukipanda, kisha ukikatika ghafla na chumba kutulia. Vituo hivyo nilivipenda. Nilijizoeza kuviwahi: kimya kikiingia tu, nafumba macho haraka nipate usingizi kabla hajaanza tena. Pale alipochelewa kuanza, nilimshukuru Mungu. Miaka ishirini na tisa nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kimya kile.

Mwaka juzi ndipo alipoanza kuchoka. Si uchovu wa kazi, huo anaujua tangu ujana. Huu ulikuwa uchovu wa kuamka nao. Alikuwa anaamka kichwa kinamgonga, anakaa ukingoni mwa kitanda akiitazama miguu yake kana kwamba anaisubiri impe ruhusa. Alisinzia na kijiko mkononi. Alisinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe, akazinduka na kuendelea na habari nyingine. Jukwaani wenzake walimkuta ameegemea ukuta, mwiko mkononi, mota ya saruji na mchanga imekauka juu ya mwiko, na macho yamefumba. Wakacheka, naye akacheka nao.

Kisha ikafuata mikono. Tofali moja badala ya mawili. Tofali moja kwa mikono miwili. Halafu tofali moja kwa mikono miwili, na kituo ngazi ya tatu. Akawa mkali nyumbani, yeye ambaye watoto walikuwa wakimpanda mgongoni hadi wakaoa na kuolewa. Msimamizi wa ujenzi akamwambia akapumzike. Mimi nikamwambia apumzike. Mama mkwe akapiga simu kumwambia apumzike. Na alipumzika kweli: siku zisizo za kazi alilala kutoka asubuhi mpaka jua linazama, akiamka amechoka kuliko alivyolala. Hapo ndipo uvumilivu uliponishinda. Nilimwita mvivu, si mara moja, na mara moja nilimwita mbele ya wakwe zetu.

Akaanguka. Jukwaa lenyewe halikuwa refu na chini kulikuwa na mchanga, kwa hiyo alivunjika mkono wa kushoto tu, tukasema afadhali. Hospitali wakamfunga plasta na kumlaza kwa uangalizi. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa, saa tisa mchana, nilimsikia tangu kwenye korido. Nikaona soni kwa wagonjwa wengine. Nikaingia wodini na kumkuta muuguzi amesimama kando ya kitanda, saa yake ya mkononi ameiinua usawa wa macho.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia ndivyo alivyo, dada, tumsukume kidogo ageuke. Muuguzi akaniinulia kidole nisubiri. Mkoromo ukapanda, ukapanda, ukakatika. Wodi ikatulia, nami nikashusha pumzi kama nilivyozoea.

“Unasikia?” akaniuliza.

“Amenyamaza,” nikasema. “Sasa amelala vizuri.”

“Hajalala vizuri, mama. Hapumui.”

Hakuiondoa saa mbele ya macho. Nilimtazama mume wangu kifuani. Kifua kilikuwa kinahangaika, kinajivuta ndani, lakini mdomoni hakukuwa na kitu kinachoingia wala kutoka. Kisha akaruka kidogo, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, mkoromo ukaanza upya. Muuguzi akasema sekunde thelathini na moja, akaandika. Alikuwa ameshaandika nyingine nyingi kabla ya hiyo.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu yetu ililia miaka ishirini na tisa, nami niliiwekea mto sikioni.

Wakampima usiku mmoja, nyaya kichwani, mkanda kifuani, kifaa kidoleni. Daktari aliyetusomea majibu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu mkubwa, mwenye sauti ndogo na kucha zilizokatwa fupi. Akasema koo la mume wangu hulegea akilala, njia ya hewa inajifunga, na ubongo unamshtua ili avute tena. Mara arobaini na nne kila saa. Hakumbuki hata moja, lakini mwili unakumbuka zote.

Mume wangu akauliza hilo linahusiana nini na mikono yake, maana yeye hapumui kwa mikono. Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akatuambia kwamba mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina majiko yake madogo ndani. Chakula ni kuni, hewa ndiyo inayofanya moto uwake, na moto huo ndio nguvu: nguvu ya kuinua, ya kufikiri, ya moyo kupiga. Hewa ikikatika na kurudi, ikikatika na kurudi, mara mia tatu na zaidi kwa usiku, majiko hayo yanafuka moshi badala ya kuwaka. Na moshi huo unayala majiko yenyewe.

“Daktari,” mume wangu akasema, “mimi nilipata jiko moja tu, na ndilo hili limekaa hapa. Nalo linafuka moshi kila siku.”

Tulicheka sote watatu. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi kunitania, na nilicheka kuliko utani ulivyostahili. Kisha daktari akasema neno ambalo sijalisahau. Akasema watu wote wamekuwa wakimwambia apumzike, lakini kupumzika ni kupata pumzi, neno lenyewe linasema. “Mzee, wewe umelala miaka yote hii. Hujapumzika hata siku moja.”

Chumba kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta. Mume wangu aliutazama ule ukuta, akauchunguza kwa macho ya fundi, kisha akauliza swali lake moja. Nguvu zitarudi?

Daktari akasema usingizi utarudi, hilo ana hakika nalo. Nguvu, kwa wengine hurudi, kwa wengine hurudi nusu, kwa wengine hakuna anayejua, kwa sababu majiko yaliyochakaa hayajengeki yote kwa siku moja, na wataalamu wenyewe bado wanayachunguza. Asingependa kutudanganya. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Nadhani alisikia “hurudi”, akaitia mfukoni, na yaliyofuata akayaacha mezani kwa daktari.

Tukaazimwa mashine. Sanduku dogo la kuweka pembeni mwa kitanda, mpira mrefu, na barakoa ya puani yenye mikanda ya kufunga kisogoni. Inasukuma hewa polepole ili koo lisijifunge. Usiku wa kwanza aliivaa akaniuliza kama anafanana na rubani. Nikamwambia anafanana na ndovu. Akalala. Hakukoroma, na mimi sikupata usingizi hata kidogo, nimeweka kiganja kifuani pake mpaka kunakucha. Kimya nilichokuwa nakipenda sasa kilinitia hofu.

Siku ya nane aliamka bila kichwa kumuuma. Wiki ya tatu alisoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho, akabishana nalo. Ukali ukamwondoka, akampigia binti yetu simu kumwomba msamaha kwa maneno aliyomtolea, nami nikamwomba yeye msamaha kwa neno langu la uvivu. Akasema hata yeye alikuwa ameanza kuliamini. Nililia siku hiyo juu ya beseni la mashati, nikayasuuza tena.

Msimamizi alikuwa amemwekea nafasi yake. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema miezi mitatu. “Baada ya hapo, Tingatinga, sina la kufanya.” Mume wangu akamwambia hiyo mitatu ni mingi, hata miwili itatosha. Ujenzi ndio kitu pekee anachokijua. Hajui kuuza, hajui kukaa. Tangu nimjue, akiingia nyumba ya mtu hupapasa ukuta kwanza ndipo asalimie.

Plasta ilipotolewa mkononi akaanza mazoezi. Kila asubuhi alinichotea maji ya kufulia, kutoka bombani hadi uani, hatua kama sitini. Wiki ya kwanza ndoo moja, akakaa. Nikasema ni plasta hiyo, misuli imelala. Wiki ya nne ndoo moja, akakaa. Wiki ya saba alibeba ndoo mbili, nikapiga vigelegele kama mwendawazimu, na kesho yake hakuweza kuinua mkono wa kuchana nywele. Mkono uliovunjika na usiovunjika, yote sawa. Kichwa chake kilikuwa kimeamka, macho yameamka, utani umeamka. Mikono haikuamka.

Umeme nao ulitufanyia vituko vyake. Ukikatika, mashine inazima, naye anarudi kule kule alikotoka, amekabwa. Nilimkalisha kitandani na kumtikisa kila anapokwama mpaka asubuhi. Nikamlaumu mtu wa umeme, nikamlaumu Mungu, nikamlaumu mama mkwe na mwizi wake. Hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Tulirudi kwa daktari na habari hizo. Alimpima, akampongeza kwa usingizi, na alipofika kwenye mikono sauti yake ikazidi kuwa ndogo. Akasema hewa sasa inafika, ila inafika kwenye majiko ambayo mengine yamekwisha kuungua. Aendelee na mashine, atembee, asijikaze kupita kiasi, aupe mwili muda. Nikamuuliza muda gani. Akasema hajui. Sikumchukia. Nina pasi ya mkaa ya akiba kwa siku zisizo na umeme. Niliwahi kumwazima mtu, akaitumia miezi akiwa ameziba matundu yake, mkaa unafuka ndani, mashati yanatoka na madoa. Iliporudi niliyafungua matundu, ikawaka vizuri kabisa. Kitako kilikwisha kuliwa na kutu, na kufungua matundu hakukukirudisha.

Tulivuta shuka kumekucha. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza njiani, lakini yeye alikuwa ananieleza jinsi atakavyopanga kazi yake akirudi.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi. Wakakubaliana na msimamizi afanye kazi mpaka saa sita mchana, ukuta wa ndani wa ghala la shule, mahali pa chini pasipohitaji jukwaa. Mchana alirudi amepauka kwa saruji, mikono inatetemeka hata hawezi kufungua kamba za viatu, na uso umejaa furaha. “Leo kozi nne,” akaniambia. Kozi ni mstari mmoja wa matofali. Zamani alilaza nne kabla ya chai. Nikamfungua viatu, nikamwambia kozi nne ni kozi nne. Akaoga, akavaa barakoa yake, akalala. Wiki mbili zilikwenda hivyo, na mimi nikaanza kuthubutu kufurahi.

Msimamizi ni mteja wangu. Alhamisi hiyo nilikuwa na mashati yake sita, nikayapeleka mwenyewe kazini saa tisa alasiri, nikijua mume wangu yuko nyumbani amelala. Ofisi ilikuwa imefungwa. Nikasikia mikwaruzo kutoka ghalani, nikaenda kuuliza.

Walikuwa mafundi watatu. Mmoja namjua vizuri, wanamwita Pembe kwa sababu hakuna anayemzidi kuinua pembe za nyumba. Alishikishwa mwiko wake wa kwanza na mume wangu. Walikuwa wanautengua ukuta. Wanainua matofali moja moja kabla saruji haijashika, wanakwangua, wanayapanga chini, wanavuta uzi upya na kuyarudisha, wakiweka pima maji juu ya kila tofali kuona kama limelala sawa. Walifanya kwa haraka na bila kuzungumza, kama watu wanaofua nguo ya maiti. Waliponiona waliacha mikono hewani.

Sikuhitaji kuambiwa ni ukuta wa nani. Niliuona mstari wa juu ambao hawajaufikia, ulivyolalia kushoto. Hata mimi niliuona, mimi dobi.

“Shemeji,” Pembe akasema. Akafuta mikono kwenye suruali. “Tunarekebisha kidogo tu.”

Nikamuuliza tangu lini. Akawatazama wenzake, kisha akasema tangu siku ya kwanza. Msimamizi hupita kukagua saa kumi, kwa hiyo wao huwahi. Mzee akianza asubuhi ni fundi yule yule, mtu asimguse. Ikifika saa nne mikono inamwishia, naye hasimami. Wakakubaliana wasimwambie. Wangemwambia vipi, kila walichokijua amewafundisha yeye. Akaniomba na mimi nisiseme.

Mimi nina mdomo, kila mtu mtaani analijua hilo. Nilitafuta mtu wa kumfokea mle ndani na sikumwona. Nikashukuru, nikawaachia mashati juu ya mfuko wa saruji, nikaondoka. Njiani nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mwenyewe.

Nilimkuta ameamka, ameketi kizingitini, ananukia sabuni, macho meupe kama ya mtoto. Usingizi unamfaa, hilo nisilifiche. Akaniuliza kama nimepita kazini. Nikasema nimepita. Akaniuliza ukuta nimeuonaje.

“Uko wima,” nikamwambia. Na haukuwa uongo, saa ile ulikuwa umekwisha kusimama wima.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia muda mrefu kuliko jibu langu lilivyohitaji. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba jana kozi ya nne ilimlalia kushoto. Aliiona. Pima maji lilikuwa miguuni pake na hakuweza kuinama kuliokota mara nyingine, akaiacha vile vile. Leo asubuhi aliikuta imenyooka. Na ya juzi pia. Na zote za wiki iliyopita.

Nikakaa chini kando yake.

“Sasa mbona hukuwauliza?”

“Nikiwauliza,” akasema, “wataniambia.”

Asubuhi alitoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida yake, nami nikamfunga kamba za viatu na kumfungulia mlango.